Mpwa wangu anataka kuwinda: nimemwambia aanzie baharini, na aanzie maji mafu



Mpwa wangu ana miaka 19. Amemaliza kidato cha nne, anangoja chuo, na katika kungoja huko simu ndiyo imekuwa mwalimu wake. Juzi nimekaa barazani baada ya Isha, akaja, "Shikamoo mjomba," akaketi, akanisukumia simu usoni. Video ya Wamarekani waliovaa nguo za rangi ya majani makavu, wamejificha juu ya mti na bunduki, wanamngoja mnyama mwenye mapembe kama tawi la mkwaju.

"Mjomba, mimi nataka kuanza kuwinda. Mtu huanzia wapi?"

Nilicheka. Kisha nikaona kijana hatanii, na swali la kijana asiyetania lina haki ya jibu. Nikamwambia anipe siku mbili tatu. Jibu lenyewe ndilo hili, na naliandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake.

Tuanze na nchi kavu, maana huko hakuna mengi. Wale aliowaona kwenye simu wako kwao, na kwao kuna leseni, kuna msimu wa kuwinda na msimu wa kupumzisha wanyama, na katika majimbo mengi anayeanza hulazimika kwanza kusoma kozi ya usalama wa silaha. Hata jirani zetu Tanzania wana uwindaji wa leseni. Hapa Kenya serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba zaidi. Wengi wetu tunadhani kosa ni pembe za ndovu na ngozi za chui tu. Sivyo. Hata ukimtega paa mdogo ili watoto wapate kitoweo, sheria inalitaja kosa hilo waziwazi, na ukikutwa unauza nyama yenyewe adhabu inapanda.

"Hata sungura, mjomba?"

Hata sungura.

Na si kwamba watu wa pande hizi hawajui kuwinda. Bara yetu, kule nyuma ya Malindi na Kilifi hadi Tsavo, ndiko kwa Wawaata, wale ambao wengine huwaita Waliangulu au Wasanye. Hao walikuwa wakimwangusha ndovu kwa upinde na mshale uliopakwa sumu ya mti, na upinde wao ulikuwa mzito hata mtu mwenye nguvu wa kawaida hangeweza kuuvuta. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni kubwa ya kuwakamata ndani ya Tsavo, wakafungwa wengi, na maisha yao ya uwindaji yakavunjika. Ndovu walihitaji kulindwa, sikatai. Lakini nikimwona mzungu kwenye simu anapigiwa makofi kwa kumlenga mnyama mmoja, huwakumbuka wale wazee waliopelekwa jela kwa kazi waliyorithi kwa baba zao.

Basi nilimwambia mpwa wangu hivi: katika Surat al-Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu amewaharamishia waliomo ndani ya ihramu mawindo ya nchi kavu, na akawahalalishia mawindo ya baharini. Neno ni lile lile moja la Kiarabu, sayd, mawindo, la bara na la bahari. Sisi Wakenya ni kama tumevaa ihramu ya nchi kavu tangu 1977. Bahari tumeachiwa. Na tukiwa watu wa Pwani, tunaishi hatua chache kutoka kwenye mawindo hayo, kisha tunakodolea simu macho kutazama ya Marekani.

Kijana akanyamaza. Nilijua kwa nini. Mamake, dadangu, hataki kusikia habari za bahari. Mumewe alikuwa mvuvi. Mwaka mmoja, kusi limekaza, alitoka alfajiri na mwenzake, na iliyorudi ni ngalawa, imepinduka, imeletwa na mawimbi. Mtoto alikuwa na miaka minne. Tangu hapo dada hununua samaki sokoni kama mtu wa Nairobi, na mwanawe hata kuogelea amejifunza kwa siri. Ukimtazama vizuri utaona kwamba kuwinda msituni hakukuwa ndoto yake kamwe. Alichagua mawindo yasiyo na maji ili mamake asilie.

Kwa hiyo jibu langu lina wasomaji wawili, yeye na mamake.

Mimi mwenyewe nilianza mshipi nikiwa na miaka 38. Nina stashahada ya uhasibu, nimeketi ofisini miaka mingi, na kwetu Mji wa Kale nilikuwa yule mtoto aliyetumwa chuoni kusoma wenzake wakivua kwenye ngazi za forodhani. Nilipoanza nilifanya makosa yote ambayo mtu anaweza kuyafanya. La kwanza lilikuwa la pesa: nilinunua fimbo ya kuvulia yenye gurudumu, ya kung'aa, kama ya watalii. Maji ya chumvi yalilila gurudumu lile kabla ya miezi mitatu. Wala sikuwa nimevua chochote cha kueleza.

La pili karibu linimalize, na nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalomhusu kila anayeanza.

Tulikwenda ng'ambo ya Likoni, upande wa Kwale, mimi na rafiki wa kazini ambaye naye hakujua kitu. Ilikuwa siku ya bamvua. Tulifika asubuhi tukakuta maji yamekupwa mbali, mchanga mweupe, madimbwi, na kule mbele mwamba umetoka nje mkavu kama uwanja. Tukafurahi. Tukavuka kile kijito kilichobaki katikati, maji ya magotini, tukapanda mwambani, tukatupa mishipi upande wa bahari kuu. Na samaki walikula! Changu wawili, tewa mmoja mdogo. Saa zikapita bila sisi kujua. Mimi macho yangu yalikuwa mbele, kwenye mawimbi, nikidhani maji yakirudi yatarudi kutoka mbele, nitayaona.

Maji hayarudi hivyo, ndugu yangu. Hupitia milango ya mwamba pembeni, yakajaza kwanza lile bonde lililo nyuma yako, kati ya mwamba na ufuo. Wewe uko juu, pakavu, unavua, na nyuma yako njia ya nyumbani imeshafungwa. Tulikuja kugutuka baada ya kelele. Mzee mmoja kwenye ngalawa alikuwa akitupungia kanzu yake na kutupigia ukelele. Kugeuka, kile kijito cha magotini kimekuwa cha kifuani, na kinakimbia. Hapo ilikuwa bado hata adhana ya adhuhuri haijatoka. Mzee akatujia, akatutoa mmoja mmoja. Nilipoteza simu, kiatu cha mguu wa kulia, na samaki wote. Mzee hakutukemea. Alituuliza tu, "Wanangu, leo mwezi ngapi?" Hatukujua. Akatikisa kichwa.

Yule mzee ndiye aliyekuja kuwa fundi wangu. Mimi humwita Ami. Na swali lake ndilo somo la kwanza kabisa, kabla ya ndoana.

Mwezi ngapi, maana yake mwezi wa kuandama, si wa Januari na Februari. Kalenda ile ya Kiislamu inayotundikwa msikitini inakutosha kuijua bahari. Mwezi ukiandama, kuanzia mosi hadi tatu hivi, na tena ukiwa mpevu, kuanzia 15 hadi 17, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kuanzia 8 hadi 10, na tena 22 hadi 24, huwa maji mafu: yanajaa kidogo, yanapwa kidogo, yanakwenda taratibu kama mtu aliyeshiba. Kwa huku kwetu Mombasa, siku za bamvua maji hukauka kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi. Na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Ukilijua hilo umeshajua zaidi ya nilivyojua mimi na stashahada yangu.

Sasa hesabu, maana mimi ni mhasibu. Kutoka kukauka hadi kujaa ni saa sita na dakika chache. Lakini maji hayapandi sawasawa kila saa. Ligawe lile pandio lote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu moja. Saa ya pili mawili. Saa ya tatu matatu, na ya nne matatu tena. Ya tano mawili, ya sita moja. Chukua siku ya bamvua ambayo maji yatapanda mita 3.6. Fungu moja ni sentimita 30. Basi saa ya kwanza yamepanda sentimita 30 tu, nawe unasema bado mapema. Saa ya pili yameongezeka 60, jumla 90. Saa ya tatu yameongezeka 90 mengine. Yaani kutoka saa nne hadi saa saba mchana, maji yamepanda mita 1.8, na hakuna mtu kwetu sisi anayefika urefu huo ila wachache. Siku ile tulipopungiwa kanzu tulikuwa mwisho wa saa ya pili. Saa ya tatu ndiyo ingetuzika.

Ndiyo maana namwambia mpwa wangu: mwaka wa kwanza, bamvua usiguse mwamba. Anza maji mafu, uvulie ufuoni au kwenye mkono wa bahari kama huu wetu wa Tudor, mahali ambapo nyuma yako ni ardhi. Na anza kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari imetulia na maji yanaonekana hadi chini. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, waachie wanaojua, na hao nao wengine hukaa ndani. Dadangu anajua zaidi yangu kwa nini.

Vifaa ni vichache. Mshipi wa nailoni wa kubeba kilo 10 au 15, mita 50 zinatosha, umezungushwa kwenye kipande cha ubao. Ndoana za kiasi. Hapa wageni hukosea, maana namba za ndoana zinakwenda kinyume: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Kwa chaa na changu wadogo, namba 8 yatosha. Chubwi la risasi la kuzamishia, kisu, kofia, maji ya kunywa, na viatu vya raba vya kufunga, si patipati, kwa sababu ya wale wenye miba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mawe. Mimi nilipoacha mambo ya fimbo, vitu vyote hivyo havikunifikia bei ya kilo mbili za nyama ya ng'ombe.

Fundo la ndoana jifunze nyumbani, taa zikiwaka. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana, izungushe mara tano kwenye mshipi wenyewe, irudishe ipite kwenye kile kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha tia mate ndipo ukaze. Mate si uchawi. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika, na samaki wa kwanza wa maana anaondoka na ndoana yako. Ami alinifungisha fundo hilo mpaka nikaweza kulifunga nimefumba macho, na nilikuwa nikinung'unika.

Chambo, tumia kamba au ngisi aliyekatwa vipande vyembamba, kiasi cha kufunika ndoana na kuacha ncha nje. Usitegemee kumpata tafi kwa chambo hicho, yeye hula mwani, ndiyo maana wenye madema humwekea majani ya baharini. Shusha mshipi mpaka uhisi chubwi limegusa chini, kisha uinue shubiri moja. Uulaze mshipi juu ya kidole cha shahada. Hapo sasa ndipo penye utamu wa mambo yote, na sijui kama nitaweza kukueleza. Chaa hudonoa, tik tik tik, kama mtoto anayegonga mlango akiogopa kukaripiwa. Changu hapigi hodi, huvuta. Mawimbi nayo yana mvuto wake, na mawe yana wao, na wiki za kwanza utavuta mara mia bure kwa sababu kidole hakijajua kusoma. Subiri. Kitajua. Siku moja utahisi kitu na mkono utavuta kabla ya wewe kuamua.

Neno moja la kushika: usiuzungushe mshipi mkononi, kamwe. Akija kolekole mkubwa atakukata kidole. Nimeona kidole hicho, ni cha Ami mwenyewe, kimebaki pingili moja.

Kabla hujatupa mshipi popote, pita kwenye banda la BMU la ufuo huo, uwasalimu, ujieleze, uulize kama kuna kibali au kuandikishwa. Ni adabu, na tena ndio wanaojua mipaka. Maana baharini nako kuna mbuga. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi tangu 1968, Mombasa tunayo yetu, na Kisite iko kule Shimoni. Ndani ya hifadhi hizo hakuna kuvua hata dagaa, na ukikamatwa huko na KWS huna tofauti na aliyekamatwa Tsavo na mtego. Pembeni mwa nyingine kuna maeneo ambayo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, na mpaka wenyewe haujachorwa juu ya maji. Uliza.

Mpwa wangu aliposikia habari za bahari, macho yalimng'aa, akauliza kuhusu bunduki, ile ya mpira na mkuki ya kupiga mbizi nayo. Hiyo ndiyo inayofanana na video zake. Nikamwambia sheria ya uvuvi imeikataza, pamoja na juya la kukokota ufuoni. Na utupa na sumu nyingine za kulewesha samaki usizitaje hata kwa mzaha, kwa sababu zinaua mpaka mayai na makinda ya kesho. Najua utawaona watu wanatumia vitu hivyo mchana kweupe. Utawaona pia wanaovuka barabara ya Makupa wakiwa kwenye simu.

Kuna mambo mawili ya hatari nyingine ambayo lazima niyaseme hata kama makala yanarefuka. La kwanza ni bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira ukimtoa majini. Ni rahisi kumvua, ana pupa ya chambo, na anayeanza hufurahi kwa kuwa ni samaki. Sumu yake inaua, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na hospitali hazina dawa ya kuivunja. Mtoe ndoana kwa uangalifu au ukate mshipi, mrudishe. Usimpe hata paka.

La pili ni miba. Tafi ana miba yenye sumu mgongoni na tumboni, taa anao mkiani, na kuna yule anayelala chini akijifanya jiwe ambaye sumu yake ni kali kuliko wote. Ukichomwa, tia mguu au mkono kwenye maji ya moto, kiasi cha moto unaoweza kuvumilia bila kuungua, ukae nayo nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiyaongeza yanapopoa. Mtu mwingine ayajaribu kwanza, kwa sababu mkono uliochomwa haujui tena kupima joto. Sumu hizo zinavunjika kwa joto. Kisha nenda hospitali, na kama ni lile jiwe, nenda upesi huku mguu ukiwa ndani ya ndoo. Mkojo, tumbaku na mafuta ya taa waachie wanaosimulia hadithi.

Na akinasa kasa? Kasa analindwa na sheria ile ile ya 2013. Kata mshipi karibu na ndoana iwezekanavyo, mwache aende, uwaarifu watu wa BMU kama ameumia. Hakuna mjadala hapo.

Kuhusu dini, jambo ni jepesi kuliko la nchi kavu. Samaki hachinjwi. Lakini wepesi huo usikufanye ukawa na moyo mgumu. Masheikh wetu huchukia kumkata samaki akiwa bado anapumua, basi mwache afe kwanza. Na kiumbe chenye roho hakifanywi shabaha ya mchezo. Unavua ule, au ulishe, au uuze. Yule mdogo wa kidole mrudishe akue. Mimi hapo ndipo ninapokorofishana na vijana wengi pale Tudor, wanaojaza ndoo samaki wa urefu wa kiberiti kisha wanawaachia paka.

Basi nilipoyamaliza hayo yote kwa kijana, ikabaki kwa mamake. Nilikwenda Jumapili baada ya Alasiri. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe: ufuoni, si mwambani. Maji mafu. Kaskazi. Mimi nikiwa kando yake, na Ami akiwa kando yetu sote wawili. Dada alikuwa akipepeta mchele, hakuinua macho. Aliniambia, "Kaka, hata babake alikuwa akiijua bahari." Sikuwa na jibu la hilo, wala sasa sinalo. Nilimwambia tu kwamba kijana ataingia baharini siku moja, kwa idhini yake au bila, na kwamba bila idhini yake ataingia na wasiojua, kama nilivyoingia mimi. Akapepeta mchele mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Ufuoni."

"Ufuoni," nikamjibu.

Tulikwenda Jumamosi, mwezi 8. Tulishuka baada ya Alfajiri, maji yakijaa pole pole hadi saa nne. Ami alikuja na thermos ya kahawa na akaketi juu ya jiwe, hasemi kitu. Kijana alifunga fundo lake mwenyewe, akatia mate, akashusha, akainua shubiri. Saa nzima alivuta bure. Mara mbili alinasa jiwe, akapoteza chubwi moja. Halafu nikamwona ametulia kabisa, kidole kimenyooka, mdomo wazi kidogo kama mtu anayesikiliza adhana ya mbali, na mkono ukavuta wenyewe.

Alirudi na chaa wanne na changu mmoja. Mamake alimpokea mlangoni, akamtazama miguu kwanza, akamtazama na mikono, ndipo akatazama ndani ya kikapu. Aliwapara mwenyewe, akawatia chumvi, ndimu na pilipili, akawakaanga. Tulikula kwa wali wa nazi, hatukuzungumza sana. Alipokuwa akikusanya sahani, akaniuliza bila ya kunitazama:

"Maji mafu mengine ni lini?"

Nikamwambia, mwezi 23.